Malimi Kwenye Herufi M

Mkuyuni, Mwanza
6 Februari 1995

Shemeji Florian, msomi wetu,

Sisi huku wazima, umeme tu ndio mgonjwa. Unapata nafuu asubuhi, jioni unazidiwa tena. Ndiyo maana kazi yako imechelewa, si uvivu wangu. Sasa tasnifu yako hii hapa, imechapwa na kompyuta ya kwanza kuingia Mkuyuni, mashine iliyotoka Dubai ikapita Mombasa na Kisumu kabla ya kunifikia mimi. Watu wanakuja kuitazama tu, hawana hata cha kuchapa. Mama mmoja aliniuliza kama inaonyesha mieleka.

Mimi niliyeishia kidato cha pili, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alinionea wivu, nimesoma kurasa zako zote za majina ya zana za uvuvi kusini mwa Ziwa Viktoria. Nimeelewa nusu. Nusu nyingine nadhani hata wewe hujaielewa, ni Uhaya tu umekuandikia.

Kilichonitoa jasho ni marejeo. Karatasi ya chuo inataka jina la ukoo mbele, koma, herufi ya jina la kwanza, mwaka ndani ya mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlalo, mji, nukta pacha, mchapishaji. Ni kama kupanga wageni kwenye harusi yenu ya Kihaya, kila mtu na kiti chake, akikosea anarudishwa mlangoni. Nimewapanga wote kuanzia A. Jina la dada yangu lingekuwa humo ningempa kiti cha mbele.

Sijasahau ile barua ya Bwana Afya uliyonitengenezea mwaka juzi, yenye muhuri uliouchonga kwenye kiazi, kwamba ofisi yangu ifungwe kwa sababu mlio wa taipu unawazuia kuku wa jirani kutaga. Nilifunga, nikaenda kata nimevaa tai. Lakini mtu na shemeji yake hawakasirikiani. Mmoja anatega, mwenzake akiuona mtego anasema "nimekuona", yameisha. Tangu siku ile nimekaa kimya tu. Msukuma akikaa kimya usidhani amelala.

Ndani ya katoni kuna sato wa kukaushwa kutoka kwa Sabina. Yeye na watoto wako salama Kamanga. Anawaambia majirani zake kwamba Julai mume wake ni mkufunzi wa chuo na wanahama ile nyumba ya shule inayovuja.

Soma kazi kabla hujaikabidhi.

Ni mimi shemeji yako, mfalme wa uchapaji Kanda ya Ziwa,
Nathaniel Masalu


Dar es Salaam
20 Februari 1995

Shemeji Masalu,

Nimekuona. Nilifungua katoni kwa kijiti, nikijua umeweka chura. Nikakuta sato mmoja hana kichwa na tumboni amejazwa pamba. Ndiyo zamu yako hiyo? Umezeeka, shemeji. Nilicheka peke yangu bwenini mpaka mwenzangu akadhani nimefeli.

Tasnifu nimeikabidhi siku ileile iliponifikia, maana ilikuwa siku ya mwisho. Sura zangu nilizipitia haraka. Marejeo sikuyagusa. Nilitazama tu ule mpangilio, koma zimesimama kama askari kwenye gwaride, nikajisemea: hii ni kazi ya Masalu, nitafute nini humo?

Msimamizi wangu ni Dakta Teodora Chenge. Wanafunzi wanamwogopa kwa sababu huanza kusoma kazi kutoka nyuma. Anasema marejeo ndiyo adabu ya msomi, kwamba ukitaka kumjua mtu tazama anavyowataja waliomfundisha. Akipitisha kazi hii, nafasi ya ukufunzi ni yangu. Jina langu limeshapelekwa.

Mwambie Sabina aanze kufunga vyombo, ila asiwaambie majirani wote wa Kamanga. Abakize wachache wa kushangaa siku ya kuondoka.

Wako,
Florian Mutayoba


Mkuyuni, Mwanza
1 Machi 1995

Shemeji,

Barua yako niliifungua mbele ya wateja. Nilipoona neno "nimekuona" niliwasomea kwa sauti, nikawaambia hapa ndipo mnapoona tofauti ya msomi na mganga wa kubahatisha. Kisha nikaendelea kusoma, nikaomba radhi, nikaenda kukaa nyuma kwenye marobota ya karatasi.

Yule sato si mimi. Kichwa kililiwa na paka wa Sabina, pamba aliijaza Sabina mwenyewe ili nzi wasiingie.

Hivi huyo Dakta anasoma marejeo yote, au anaonja tu kama mchuzi? Nauliza kwa ajili ya elimu. Halafu kuna jambo dogo. Nimekumbuka kwamba ukurasa wa mwisho kabisa kuna koma imekaa vibaya, na mimi ni mtu wa sifa, silali kama kuna koma yangu inatembea mjini imevaa vibaya. Uombe huo ukurasa, nitume mwingine kwa basi la kwanza, bure. Waambie mchapaji ana wazimu, watakubali, wachapaji wote tuna wazimu.

Hapa biashara ni moto. Vyama vimekuwa vingi, nachapa vipeperushi vya vyote. Asubuhi naahidi maji kwa chama hiki, jioni naahidi maji kwa kile. Mkuyuni tutaoga mpaka tuchubuke.

Huo ukurasa, shemeji. Usisahau.

Masalu


Dar es Salaam
14 Machi 1995

Shemeji,

Koma yako haina nafasi tena. Nina shida kubwa na ni wewe tu wa kunitoa.

Dakta Chenge aliniita ofisini. Alikuwa ameweka kidole kwenye marejeo, herufi M. Akanisomea: Malimi, K. (1979). *Kuvuta kwa Pamoja: Kumbukumbu za Kazi Shambani na Ziwani*. Kisesa: Jembe na Nira. Akasema amefanya kazi hii maisha yake yote na hajawahi kukiona kitabu hicho. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bwana Mutayoba, hiki umekisoma?"

Shemeji, sikukikumbuka. Nimesoma vitabu vingi, vingine nimevinukuu kwenye vikaratasi nikavirudisha maktaba. Nikajua nimekisahau. Ningesema sikikumbuki, ningeonekana napakia majina kama magunia. Nikamwambia ndiyo, nimekisoma, Mwanza, kwenye maktaba ya mapadre. Akaniuliza kinasema nini. Nikasema kinaeleza ushirikiano wa wavuvi. Akasema basi atafurahi nikimletea.

Nimepekua vikaratasi vyangu vyote. Sioni jina la Malimi. Labda kilikuwa kwenye karatasi nilizokuachia wewe uchape. Nakuomba, kitafute. Nenda kwa mapadre, nenda Kisesa kwa hao wachapishaji. Nimesema nimekisoma, nimesema mbele yake. Nisipokileta nimekwisha.

Florian


Mkuyuni, Mwanza
27 Machi 1995

Shemeji mpendwa,

Nimezunguka. Mapadre walinipokea vizuri, wakanipa chai, kitabu hawana. Padri mmoja alinionyesha vitabu vya Kijerumani vikubwa kama matofali, nikavipa heshima yake. Kisha nikaenda Kisesa. Wewe unajua mimi Kisesa hakuna mlango ambao sijaupiga hodi, ndiko tulikozaliwa mimi na Sabina. Kitabu kipo, ila aliyenacho amesafiri kwenda Kahama kwenye dhahabu. Akirudi kitapatikana.

Usiwe na wasiwasi. Mwambie Dakta kitabu kinakuja. Mambo ya vitabu vya zamani yanataka subira, na mimi nina watu kila mahali, Kampala wananijua, Kisumu wananijua.

Kula vizuri. Sauti yako katika ile barua ilikuwa imekonda.

Masalu


Kamanga, Sengerema
9 Aprili 1995

Kaka Nathaniel, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mtoto mdogo alikuwa na malaria, sasa anakimbia.

Florian ameniandikia kwamba anatafuta kitabu, na kwamba wewe unakitafuta usiku na mchana hata anakuonea huruma. Ameninukulia jina la mwandishi na la kitabu, kwamba labda mimi niliwahi kukiona kwa baba.

Nilikiona, kaka. Alikuwa mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Malimi alikuwa ng'ombe wetu wa kulimia. Alikula daftari langu la hesabu, mwalimu akanichapa kwa kusema ukweli. Na huo mwaka 1979 ndio baba alimfunga nira kwa mara ya kwanza, akamburuta baba mpaka mtoni.

Nilicheka, nikacheka tena, kisha nikasoma barua ya mume wangu upya nikaona hacheki. Ameandika, "Nikifukuzwa, Sabina, utawaambia watoto nini?" Halafu nikakumbuka kwamba wewe umemwambia kitabu kiko Kahama.

Utani wenu ni wenu, sijawahi kuuingilia, hata ule wa Bwana Afya nilimsaidia kuchonga kiazi. Lakini kumwona mtu anazama na kumwambia maji ni mafupi, huo si utani. Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, kwa mkono wako.

Vyombo nilikuwa nimeshavifunga. Nimezifungua sufuria tu.

Mdogo wako,
Sabina


Mkuyuni, Mwanza
12 Aprili 1995

Kwa Dakta Teodora Chenge,

Mheshimiwa, hunijui. Ninaitwa Nathaniel Masalu, mchapaji, nina ofisi Mkuyuni karibu na soko. Nimechapa mawakili, maaskofu na wagombea, lakini barua hii naichapa kwa kidole kimoja.

Kitabu cha Malimi hakipo. Mimi ndiye niliyekiweka kwenye marejeo ya shemeji yangu Florian Mutayoba. Nilikuwa nimefika herufi M, umeme ukakatika, nikakaa gizani nikicheka mwenyewe. Nikawaza, huyu msomi akikuta ng'ombe wa baba mkwe wake amekaa katikati ya maprofesa, atapiga simu mpaka posta ya Mwanza kuniambia "nimekuona". Ni desturi yetu. Umeme uliporudi nikamchapa, koma kwa koma, mabano kwa mabano. Nilimpanga vizuri kuliko wote. Hapo ndipo kosa langu liliponenepa, maana ningempanga vibaya angeonekana.

Nilipojua ameikabidhi kazi bila kusoma, ningeweza kusema. Sikusema. Nilimdanganya kuhusu koma, kisha nikamdanganya kuhusu mtu wa Kahama. Nilijaribu hata kukiandika kitabu chenyewe, nikichape, nikipake majivu kionekane cha zamani. Nilifika ukurasa wa tatu nikaona naandika habari za baba yangu anaburutwa matopeni, nikaacha.

Nakuomba umwachie Florian. Hana hatia yoyote. Tangu siku ya kwanza mpaka leo hajui kwamba kitabu hicho hakipo duniani, hajakiona, hajakigusa, wala hajakisikia popote ila kwenye ukurasa wangu. Hilo naliapa mbele ya Mungu. Kama kuna adhabu, mimi nipo, hata kuja huko nitakuja.

Mwenye kosa,
N. Masalu


Dar es Salaam
3 Mei 1995

Ndugu Masalu,

Barua yako nimeipata. Asante kwa kuiandika.

Mimi ni mzaliwa wa Magu. Nimekua nyuma ya ng'ombe. Nilipofika kwenye "Jembe na Nira" nilicheka peke yangu, nikajua kuna mtu amemtania kijana wangu. Nilichukua kalamu nyekundu nimfute huyo Malimi, kisha nikaona nimwite mwenyewe tucheke pamoja. Nikamwuliza kama amekisoma. Nilikuwa nasubiri aniambie hapana.

Kosa lako, ndugu yangu, ningelifuta kwa mstari mmoja. La kwake nililisikia kwa masikio yangu. Hata hivyo nilibaki na shaka ndogo, nikamwachia nafasi: pengine kweli kipo, pengine kuna mzee Kisesa aliyejichapia kitabu akakiita hivyo. Wewe umeniapia kwamba hajakiona wala kukigusa. Barua yako imemtoa kwenye kughushi, nami ningependa imtoe hapo tu. Lakini imemkuta kwenye uongo, na hapo siwezi kufumba macho.

Hatafukuzwa. Hilo nimelipigania, na barua yako ndiyo iliyonisaidia. Ataandika upya sura mbili na marejeo yote, na kuikabidhi kazi Januari. Nafasi ya ukufunzi imepewa mwingine.

Nimemwita leo asubuhi na kumpa barua yako aisome. Aliisoma amesimama. Ulitakiwa umwambie wewe kabla yangu.

T. Chenge


Mkuyuni, Mwanza
20 Mei 1995

Florian,

Nimeandika barua hii mara nyingi na zote zimeanza na mzaha, nikazichana. Sasa najaribu bila mzaha, na naona sijui kuandika.

Nilidhani nakwenda kuuondoa ukuta uliokuangukia. Kumbe niliuangusha uliobaki. Wewe ulisema ndiyo kwa Dakta kwa sababu uliniamini mimi, ukaamini kwamba chochote kilicho kwenye karatasi niliyochapa lazima ulikisoma wewe. Mtu mwingine angemshuku mchapaji. Wewe ulijishuku mwenyewe.

Nikaenda kumwungamia mtu nisiyemjua, kwa sababu uso wake sijawahi kuuona. Wako naujua.

Sikuombi useme neno lile. Kwenye mtego huu hakuna wa kulisema. Naomba tu ujue kwamba kila ninapokaa kwenye ile mashine natazama herufi M kwanza.

Nathaniel


Kamanga, Sengerema
2 Oktoba 1995

Shemeji,

Nimerudi nyumbani tangu Juni, unajua. Nafundisha darasa la nne. Nyumba bado inavuja, nimeziba kwa bati la kopo.

Sikukujibu. Mwanzoni nilikuwa nakutukana kimoyomoyo, kwa Kihaya, kwa kuwa Kiswahili hakikutosha. Baadaye nikawa nasikia sauti yangu nikimwambia Dakta "ndiyo, nimekisoma, kwenye maktaba ya mapadre", na hakuna aliyekuwa ameniwekea maneno hayo mdomoni. Kinaeleza ushirikiano wa wavuvi. Ng'ombe, shemeji. Nilimchambua ng'ombe.

Sabina ananiambia unavuka na kivuko, unaacha sukari na sabuni kwa mama Bernadeta anayeuza mihogo pale gatini, kisha unarudi Mwanza na kivuko kilekile bila kupanda hata huu mlima mfupi wa kuja nyumbani. Watoto walikuona wakaita, ukajifanya unaangalia maji. Wamemwuliza mama yao kama mjomba anadaiwa.

Sura zangu nimeandika upya na Dakta ameziona, amesema safari hii zina mtu ndani yake. Marejeo nimeyaandika kwa mkono, ninayaambatanisha. Nimekagua kila kitabu kwa macho yangu. Chapa kama yalivyo.

Florian


Mkuyuni, Mwanza
9 Oktoba 1995

Shemeji,

Marejeo yako yalifika na kijana wa kivuko. Nilifunga mlango. Wagombea wote niliwaambia warudi kesho, nchi isubiri. Nikanawa mikono kama padri.

Nilichapa polepole. Sikucheka, sikupiga mluzi. A mpaka L nilisoma kila mstari kwa sauti, kisha nikausoma kutoka nyuma kama Dakta wako. Nikafika M.

Yupo.

Mwandiko wako, wino wa bluu. Malimi, K. (1979). *Kuvuta kwa Pamoja*. Shemeji, mikono yangu iliondoka mezani yenyewe. Nikajua umenakili orodha ya zamani kwa uchovu, na kwamba Dakta angemkuta tena, na kwamba safari hii hakuna barua ya kukuokoa. Nikatoka nje nikasimama barabarani. Nikawaza nikimfuta nitakuwa nimegusa kazi yako tena, na umesema nichape kama yalivyo. Nikimwacha nimekuua mara ya pili. Nikawaza mpaka jua likanichoma utosi.

Nikarudi ndani kusoma mstari mpaka mwisho, jambo ambalo ningelifanya kwanza kama ningekuwa na akili. Hukuandika Kisesa. Umeandika: Kamanga: Muhuri wa Kiazi.

Niliweka kichwa juu ya kompyuta. Kitufe kimoja kikajichapa chenyewe ukurasa mzima.

Najua kazi ya chuo haikurudi. Najua bati la kopo halizuii mvua, na kwamba mimi ndiye niliyeweka tundu. Haya hayafutiki kwenye mashine yoyote, hata ya Dubai. Ila Malimi nimemfuta. Mahali pake amesogea aliyemfuata, mtu mwenye kitabu.

Kazi hii hapa. Usimpe Dakta kabla hujaisoma yote, hata kama ni mimi niliyechapa. Hasa kwa kuwa ni mimi.

Jumamosi nakuja na kivuko cha kwanza. Sukari nitaipandisha mwenyewe mpaka mlangoni, na bati jipya nitalibeba kichwani mchana kweupe, Kamanga nzima ione. Mwambie mama Bernadeta asinisubiri.

Nimekuona, shemeji.

Nathaniel Masalu